Meli Iliyokataa Kupiga Hodi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Paukwa tena, hao wa nyuma wana mihogo mdomoni."

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kale hasa, mimi sijazaliwa lakini nimeshaanza kukumbuka, palikuwa na meli jina lake Sizami. Kubwa! Pua yake ikifika bandarini Jumatatu, mkia unafika Ijumaa. Mpishi wake akitaka kuonja chumvi ya wali, anapanda baiskeli kutoka ukingo huu wa sufuria mpaka ule. Na mabomba yake ya moshi, kunguru akianza kupanda kijana, akifika juu ana wajukuu.

"Mjomba, huo uongo," akasema Siwema.

Uongo? Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Niliacha kwa sababu mwalimu kila siku ananiuliza mimi, nikaona huyu hajui kitu. Kaa usikilize.

Basi, ndani ya Sizami alikuwamo bwana mmoja akiitwa Shekue. Kazi yake moja tu, kuvuta kamba ya honi. Na honi yenyewe ingelia, nazi zingeanguka nchi ya jirani. Lakini tangu Shekue aajiriwe hajaivuta hata mara moja. Sizami hataki. Shekue kwao alifundishwa kwamba huingii kwa mtu bila hodi, tena hodi tatu, na ya tatu isipoitikiwa unarudi ulikotoka. Na bahari nayo ina wenyewe. Akimwambia hivyo Sizami, jibu ni lile lile: "Nyumba ni mimi. Hodi nipigiwe mimi."

Hebu semeni nyinyi.

"Nyumba ni mimi, hodi nipigiwe mimi!"

Hivyo hivyo, na kidevu juu.

Siku moja Sizami akaanza safari ya kwenda bahari ya baridi, hajawahi kufika huko. Amebeba watu elfu mbili, na kuku wao, na mabibi harusi wawili wasiosemezana. Pale mlango wa bandari kumbe amekaa Masizi, kimeli cha kubebea makaa, anakunywa chai yake. Mchafu huyo, mvua ikimwona inapita pembeni. Shekue akashika kamba. "Mama, kuna mtu mlangoni. Nipige hodi?"

Sizami akasemaje?

"Nyumba ni mimi, hodi nipigiwe mimi!"

Akapita. Wimbi lake likamwaga chai yote, Masizi akazungushwa kama pia mara arobaini. Aliposimama akasema taratibu, "Dada, ungebisha tu, ningesogea." Sizami hakugeuka hata kumtazama.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakamkuta nyangumi anambembeleza mwanawe, ndiyo kwanza kope zinaanza kugusana. Shekue akashika kamba. "Mama, kuna mzazi hapa. Nipige hodi, japo ndogo?"

Sizami akasemaje?

"Nyumba ni mimi, hodi nipigiwe mimi!"

Akapita vuu. Mtoto akaamka akalia, machozi yake yakaongeza maji ya bahari, mpaka leo hayajapungua. Mama nyangumi hakutukana. Alimwambia Sizami, "Huko mbele anakaa Bibi Barafu. Unamwona kichwa tu, lakini chini ya maji amenyoosha miguu. Ukipiga hodi ataikunja, upite. Usipopiga, shauri yako."

Wakaenda, wakaenda, mpaka baridi ikawa baridi ya kweli. Mtu akipiga chafya, inaganda hewani, anaitundika ukutani. Ilikuwa mchana, lakini ukungu mzito, huoni mkono wako. Shekue akaona kichwa cheupe cha Bibi Barafu kimeinama, bibi amesinzia. Safari hii Shekue aliibana kamba kwa mikono miwili. "Mama, nakuomba. Watu elfu mbili hawa."

Jongo, acha kumfinya mwenzio. Sizami akasemaje?

"Nyumba ni mimi," wakasema watoto, lakini polepole.

Basi akapita, na akajikwaa kwenye miguu ya bibi. Mlio haukuwa mkubwa. Kama mtu anachana kanga, kraaa. Ubavu wote ukafunguka. Bibi Barafu akashtuka usingizini. "Nani huyo? Mbona hukubisha, mwanangu? Ningekunja." Naye akalia, lakini machozi ya barafu ndiyo barafu yenyewe, kila akilia anapungua.

Maji yakaingia. Mashua zilikuwa chache, maana Sizami alisema zinamharibia umbo. Wakashushwa watoto, wakashushwa kina mama, na wale mabibi harusi wawili wakajikuta wamekumbatiana ndani ya shuka moja. Lakini ukungu ule, nani atawaona? Kwenye mashua watu wameanza kunyamaza kwa baridi, na ukinyamaza kwenye baridi ile hunyanyuki tena.

Shekue alikuwa bado juu, maji yako kiunoni. Hapo akamsikia Sizami, sauti ndogo ajabu.

"Shekue. Hodi inapigwaje?"

"Mama, wewe pumua tu. Kamba ninayo mimi."

Sizami akakusanya mvuke wote uliobaki. Hodi ya kwanza ikalia. Kimya. Maji yakafika kifuani. Hodi ya pili ikalia, nene, inatetemeka. Kimya. Sasa ya tatu ndiyo mwisho, mnajua desturi. Maji yakafika shingoni mwa Shekue na mdomoni mwa honi. Sizami akavuta pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo, akaitoa yote.

Na huko ndani ya ukungu kikatoka kihoni kibovu, kama mbuzi mwenye mafua.

"Karibu, dada. Nasogea."

Masizi. Alikuwa nyuma siku zote, anapeleka makaa yake huko huko kwa mwendo wake wa kobe.

"Iache kamba sasa, mwanangu," Sizami akasema. "Nenda." Shekue akaiachia.

Masizi aliwaokota mmoja mmoja, Shekue wa mwisho. Wakakalishwa juu ya makaa, wakatoka weusi wote sawasawa. Walipofika pwani, mama mmoja aliosha watoto kumi na moja ndipo akamfikia wa kwake.

"Wote walipona, Mjomba?"

Hapa siongezi chumvi, Siwema. Wote, hapana. Mashua zilikuwa chache. Wengine walibaki naye.

Sizami akazama, akazama, hata akafika chini, gizani, ugenini. Na kabla hajakaa akasema mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, "Hodi." Samaki wakaitika, "Karibu." Akajilaza pale, akawafunika wale waliobaki naye vizuri, kama mama anavyofunika. Kesho yake akasikia dirishani, "Hodi." Kamba, si ile ya honi, yule wa baharini, na wanawe wanatafuta pa kulala. "Karibuni." Pweza akabisha kwa mikono minane, hodi mara nane. "Karibu, karibu." Nyangumi akamleta mwanawe asinzie ubavuni pake. Basi ikawa kweli sasa, nyumba ni yeye, na hodi anapigiwa yeye.

Shekue akapata kazi kwa Masizi. Kila wakipita pale huvuta kamba mara tatu, halafu husubiri. Mapovu hupanda kutoka chini, moja, jingine, mengi, na yakipasuka yanasema karibu, karibu. Na nyinyi mkisikia meli inalia ikiingia bandarini, si kelele hizo. Inabisha hodi.

Kwa hiyo, wanangu, ukubwa wako uvue mlangoni pamoja na viatu, upige hodi. Na ukipigiwa, hata na aliyekumwagia chai, itikia.

Hadithi yangu imebisha mara tatu, mmeikaribisha, imekaa. Haya, nani kamaliza mihogo?