Mwanzi wa Mgema katika Kitalu cha Zilpa

Enyi kusanyiko, tulieni. Akina baba, funikeni vikohozi vyenu. Akina mama, watulizeni wachanga mgongoni. Nanyi watoto msisinzie, kwa maana hukumu ya leo ni yenu pia.

Katika nyanda za juu, ambako sakitu, umande ulioganda, hushuka alfajiri nyeupe na kuunguza jani kama moto, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Obadia Ngajilo, mpasua mbao, aligonga gogo kwa mpini wa panga akajua kama litaoza. Keziah Tweve, fundi wa kuchomelea, alikunja chuma kama wengine wanavyokunja mkeka. Naye Naftali Chaula aliijua mianzi, kwa kuwa aliigema ulanzi; na kwa sababu ya pombe hiyo kanisa lilikuwa limemtenga.

Palikuwa pia na mjane, Zilpa. Sakitu ilikula mazao yake misimu miwili, na shemeji yake Gwelino, mzee wa kanisa, akamwambia mbele za watu: "Shemeji, shamba halilimwi kwa machozi. Sakitu ikishinda tena, linarudi kwa ukoo."

Zilpa hakulia. "Basi njoo ulichukue, shemeji. Utakuta nimelijengea nyumba."

Alikusudia kujenga kitalu nyumba, banda la nailoni angavu ambamo nyanya hujikinga na baridi. Nailoni alikuwa nayo. Mifupa ya kuibeba hakuwa nayo, akawaita wale watatu.

"Mbao," alisema Obadia. "Hata safina ilikuwa ya mbao."

"Safina ilikaa majini, haikukaa na mchwa," Keziah alimkata. "Chuma, dada Zilpa. Chuma hakiliwi."

"Hakiliwi, ila kinakula," alisema Naftali. "Jua likikichoma mchana, kitaitoboa nailoni kama pasi. Mwanzi unapinda, tena hauchomi."

"Mwanzi wako utatuleweshea nyanya!" Obadia akacheka. Naftali naye akacheka, ingawa si sana.

"Na ukichimbiwa ardhini unaoza kabla ya mavuno," Keziah akaongeza.

Zilpa akasema, "Kila mmoja amenena kweli juu ya mwenzake. Basi miguu iwe ya mbao, viungo vya chuma, mbavu za mwanzi. Nyumba ikisimama, aliyestahili kuliko wote ndiye atakayenibebea malimbuko madhabahuni."

Obadia alileta nguzo za mti wa mlingoti alizokuwa amezikausha kwa ajili ya paa lake mwenyewe. Alizibabua miguu kwa moto ili mchwa wazikatae, akazisimika. Mkewe akaendelea kukinga mvujo kwa sufuria.

Keziah hakuwa na chuma cha akiba, akakikata kitanda chake cha chuma. Kwa vipande vile aliunganisha nguzo na mbavu, nyumba ikawa mwili mmoja. Yeye akalala sakafuni, katika baridi ile.

Naftali aliingia katika mianzi yake, akakata mashina makubwa, yale yanayolisha machipukizi anayoyategemea mgema. Yalipindwa yakaikumbatia nailoni bila kuichana hata mahali pamoja. Masika yakaja, yakapita. Hakugema kibuyu hata kimoja.

Kisha ukaja upepo, na nyuma ya upepo sakitu. Asubuhi viazi vya kijiji kizima vilikuwa vyeusi. Gwelino alipanda kilimani kulichukua shamba, akachungulia ndani ya nailoni, akaona nyanya zimesimama wima kama waimbaji. Akateremka bila kuaga.

Siku ya sikukuu ya mavuno, Zilpa alifika mlangoni pa kanisa na kikapu cha nyanya za kwanza. Desturi yao, kikapu hubebwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo huombewa na kanisa lote, yeye na nyumba yake.

"Bila miguu yangu," alisema Obadia, "nyumba ingekwenda na upepo."

"Na bila viungo vyangu, miguu yako ingebaki imesimama shambani kama walinzi waliosahauliwa," alisema Keziah.

Naftali alipofungua kinywa, Gwelino akaunyosha mkono wake kuziba mlango. "Gombaneni ninyi wawili. Mkono unaonuka ulanzi haugusi madhabahu."

Naftali akainua mikono yake yote miwili hadi usoni pa mzee. "Nusa."

Gwelino akageuza uso.

"Nusa, mzee! Mashina yaliyonilisha nimeyakata. Sikuyakata ili nisamehewe; niliyakata kwa kuwa shamba la mjane lilikuwa linanyakuliwa. Mikono hii ina harufu gani?"

Ndipo Zilpa akakiweka kikapu juu ya kizingiti. "Shemeji, hakuna nyanya humu ambayo mwanzi wa Naftali haukuifunika. Kikapu hiki hakiingii kwa hila, wala sikirudishi nyumbani. Kitakaa hapa hapa mpaka watu waamue kwa haki."

Na kiko pale. Waumini wanakiruka, wakiingia kuomba.

Basi nawauliza: aliyetoa paa lake, aliyetoa kitanda chake, na aliyetoa chakula chake huku akibeba jina baya, ni nani kati yao mngemkabidhi kikapu? Wewe uliyenyamaza pale nyuma, ungeamua vipi?

Lakini msinijibu mkiwa mmeketi, kwa maana kila mmoja wenu ana mtu aliyemzibia mlango huku akila matunda ya jasho lake. Mkono wako ungali kwenye mwimo wa mlango. Ushushe. Nenda leo, jua lingali juu, ukamwite kwa jina lake. Kisha rudini, nyote wawili, mnipe hukumu.