Siku Mwana wa Tai Alipohama Jabalini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakisalimiana kwa majina, pimbi mdogo aitwaye Chepe aliishi na watoto wake katika ufa wa jabali. Juu ya jabali hilo aliishi tai, Bi Shungi, na mumewe, na mwana wao Fumo.

Fumo alikuwa na mabawa mapana kuliko ya baba yake, lakini kutwa alikaa kiotani akilia, "Kwii! Kwii! Mama, njaa!"

Mama naye, vuuu! anashuka kuwinda pimbi. Ukoo wa Chepe ukawa unapukutika.

"Huyu ahame sasa," baba tai alinung'unika.

"Bado mchanga, mume wangu! Mabawa yake laini."

Chepe akasikia, akachungulia. "Shikamoo, Bi Shungi!"

"Marahaba. Wewe umechoka kuishi?"

"Nataka kukusaidia kumpima mwanao. Kesho usimpe chakula, nawe usiondoke kiotani, hata alie vipi. Mengine niachie mimi."

Bi Shungi akakubali, roho ikimuuma.

Asubuhi Chepe akapanda juu ya jiwe. "Wee Fumo! Jitu zima la kulishwa! Njoo unile!"

Vuuu! Fumo akashuka. Fyuu! Chepe akapenya chini ya jiwe, akatokea mbele zaidi.

"Umenikosa!"

Vuuu! Fyuu! Jiwe kwa jiwe wakavuka bonde, wakapanda kilima cha pili. Huko kucha zikamkwaruza Chepe mgongoni, manyoya yakapeperuka.

"Yalaa!"

Kanga waliokuwa nyasini wakashtuka, wakaruka. Fumo akageuka hewani, puu! akamkamata mmoja. Akala akashiba, kisha akatazama huku na huku.

"Chepe, kilima hiki cha nani?"

"Hakikuwa na mwenyewe," Chepe akajibu kutoka shimoni. "Sasa kinaye."

Fumo hakurudi.

Jioni Chepe akafika nyumbani akichechemea. Bi Shungi alikuwa akimngoja, macho mekundu.

"Umenihadaa! Ulisema utampima, kumbe unamhamisha! Umejuaje kama yu tayari?"

"Tazama mgongo wangu, mama. Aliyenifanya hivi ni mchanga?"

Bi Shungi akautazama ule mkwaruzo, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Mwanangu jamani! Alibakisha kidogo tu akukamate!"

"Kidogo sana."

"Haya, nenda kwa wanao kabla sijakumbuka kwamba sijala."

Chepe hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Basi wanangu, hadithi yangu imetua hapa: mtoto akishaweza kujitafutia, kumpenda ni kumwachia njia.