Mkaguzi Hapatani Bei

Si zamani sana, Bwana Mhando alikuwa na duka la majokofu Korogwe, na kwa huruma zake alimtoza kila aliyelipa kwa kadi asilimia tano juu ya bei. Sheria ilikataza. Wakaguzi walipita wakijifanya wateja, lakini hakunaswa, maana alikuwa na akili nyingi na alizitangaza hata kwa wauza mchicha wa nje.

"Mkaguzi namjua," alisema. "Hapatani bei. Hela si zake, zitamuuma nini? Akikubali tano papo hapo, namwambia nilikuwa natania."

Siku moja akaingia Bi Nasra, mama wa makamo mwenye kapu la mchicha. Akachagua jokofu, akauliza kama kadi inapokelewa.

"Inapokelewa," alisema Mhando kwa tahadhari, "ila kuna asilimia tano."

"Tano? Baba, nanunua jokofu au natoa mahari? Weka mbili."

Moyo wa Mhando ukatulia. Huyu alikuwa mteja wa kweli. Walivutana mpaka mchicha ukaanza kunyauka, wakakubaliana tatu.

"Kadi anayo mume wangu," alisema Bi Nasra. "Niandikie, asije akafika ukamwambia tano."

Mhando akacheka, akaandika "ada ya kadi, asilimia tatu", akasaini, akagonga muhuri.

Bi Nasra akaikunja karatasi, akachomoa chini ya mchicha kitambulisho cha mkaguzi wa biashara.

Mhando akakisoma. "Mama," alisema kwa unyonge, "na faini nayo tutapatana?"

"Baba, si ulisema mwenyewe? Mkaguzi hapatani bei."