Farasi na Hori Lake

Alikuwepo Lushoto fundi cherehani mmoja, Siwatu, aliyetamani kupanda farasi tangu utotoni. Akapeleka akiba yake yote kwa Bwana Shelukindo, tajiri aliyekodisha farasi mweupe kwa mwaka mzima.

“Sharti ni moja,” alisema tajiri. “Farasi akirudi mwenyewe kwangu, mkataba umekwisha na kodi hairudi.”

Wateja wanne walikuwa wamempoteza hivyo, siku ya kwanza tu.

“Na akiwa mikononi mwako, akarudi mwenyewe kwangu?” aliuliza Siwatu.

Tajiri alicheka. “Basi awe wako moja kwa moja, mama.”

“Liandike hilo. Tena nipe na hori lake lile bovu, asione ugeni.”

“Chukua,” alisema tajiri akiandika. “Hata mavi yake chukua.”

Siku tano farasi hakurudi. Siku ya sita, Siwatu akiwa sokoni, tajiri alimtoa farasi uani kimyakimya, akampanda kwenda naye kwake ili adai amerudi mwenyewe. Saa ya kula pumba iliwakuta njiani, farasi akageuka. Tajiri alivuta hatamu, wapi! Farasi hakusimama mpaka uani kwa Siwatu, akatumbukiza mdomo katika hori lile bovu, mahali pake pa kula tangu azaliwe.

“Karibu, Bwana Shelukindo,” alisema Siwatu, aliyekwisha kurudi, akimimina pumba. “Farasi wangu amerudi mwenyewe. Wewe utarudije?”