Injini ya Singano Ndani ya Gari la Bi Mwasiti

Sogeeni karibu, na mlio mlangoni ingieni ndani. Nawaambia mapema: hadithi hii sina mwisho wake. Nitaifikisha nilipofikia mimi, halafu nitawakabidhi ninyi.

Kwembago ni mji mdogo juu kwenye milima ya Usambara, na katika mji huo walikuwepo watu watatu wenye sifa zao.

Wa kwanza ni Singano, mbeba kabichi kwa pikapu. Singano alikuwa na sikio. Gari likipita barabarani yeye akiwa kitandani, husema, "Hilo linakula oili," na haipiti wiki mwenye gari yuko kwa fundi.

Wa pili ni Nakijwa, mwanamke wa Kipare aliyeolewa huko, mkereza vyuma. Nakijwa alikuwa na mkono. Vyuma viwili vilivyokataana, yeye huvipapasa kwa kidole, akavikereza, vikashikana kama vilizaliwa pamoja.

Wa tatu ni Mahimbo, fundi umeme wa magari, mtu mwembamba wa maneno machache. Mahimbo alikuwa na utulivu. Wenzake wakianza kupiga kelele, yeye ndipo anapoongea polepole zaidi.

Yupo na wa nne, na huyo hakuwa na sikio, wala mkono, wala utulivu hata chembe. Ni Bi Mwasiti, mjane, na mambo haya yalimpata yeye.

Uani kwa Bi Mwasiti palikuwa na gari. Si gari la hivi hivi. Lilikuwa gari la kifahari la kupandia milima, la zamani, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao iliyong'arishwa. Meneja mmoja wa shamba la chai alimwachia mumewe aliporudi kwao, na mumewe alipofariki likabaki kwake. Lakini injini yake kubwa ya petroli ilikuwa imechemka mlimani siku moja ikapasuka. Tangu siku hiyo gari lilikaa kwenye migomba, limelalia tumbo, na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma.

Mwaka huo masika yalikuja na hasira. Mama yake Bi Mwasiti, Bi Mwajabu, aliishi Kwetongo, upande wa pili wa mlima, pamoja na mwanawe wa kiume aitwaye Hoza. Asubuhi moja Hoza akapiga simu.

"Dada, mlima umepasuka juu ya nyumba."

"Umepasuka vipi?"

"Una ufa. Jana ulikuwa unaingia kidole. Leo nimeingiza mguu."

Majirani wote walikuwa wamekwisha kuhama. Bi Mwajabu hakuweza, maana alikuwa amevunjika nyonga. Walijaribu kumbeba kwa kitanda, njia ikateleza, wabebaji wakaanguka naye, na tangu hapo akawa analia mtu akimsogelea tu. Bodaboda haibebi mtu asiyeweza kukaa. Magari ya kawaida yalikuwa yakinasa kwenye tope kabla hata ya kufika nusu ya njia.

Bi Mwasiti alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Akabandika chai, akaisahau mpaka maji yakakauka na sufuria ikaanza kunuka. Akatoka mpaka barabarani, akarudi, akatoka tena. Simu ikitetemeka, anairukia. Mwisho akasimama mbele ya lile gari, akalipiga teke kwa nguvu zake zote, akasema mbele ya watu waliokuwapo:

"Naapa kwa uhai wa mama yangu! Mtu atakayelifanya gari hili linifikishe kwa mama na kunirudisha naye, gari ni lake. Sirudi nyuma."

Mtu, alisema. Hakusema watu.

Singano ndiye aliyekuja kwanza, kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu. Akafungua boneti, akachungulia, akaifunga.

"Shemeji, hii imekufa. Tusiibembeleze."

"Sasa nifanyeje?"

Singano aliitazama pikapu yake iliyokuwa ikinguruma getini, akaisikiliza. Ilikuwa na injini ya dizeli, ya kizamani, isiyo na makuu.

"Hiyo itaingia," akasema. "Haina mbio, lakini inavuta."

"Na kabichi zako?"

"Kabichi haziangukiwi na mlima, shemeji."

Wakalivuta lile gari kwa pikapu mpaka karakanani kwa Nakijwa, wakafunga mnyororo kwenye boriti, wakaing'oa injini iliyokufa, kisha ile ya pikapu. Ilipotoka, pua ya pikapu ikainuka juu kwa kukosa uzito. Singano akageuka pembeni akajifanya anafuta mikono. Wiki hiyo hiyo wenye mashamba waliokuwa wakimtegemea wakatafuta mbebaji mwingine, na hawakurudi.

Lakini injini ilipowekwa mahali pake, haikukubali. Matundu ya boliti ya injini na yale ya gia boksi hayakuonana hata moja. Nakijwa akazunguka gari, akapapasa huku na huku.

"Inataka sahani ya chuma katikati," akasema. "Nene, ya kuzishika zote mbili."

"Ipo?" akauliza Bi Mwasiti.

"Mji mzima haipo."

"Nakijwa, mdogo wangu! Hoza anasema ufa umekuwa mrefu kama uwanja wangu!"

Nakijwa akasimama akiitazama mashine yake ya kukereza, aliyoinunua kwa miaka ya kujinyima. Ilikuwa imekaa juu ya bamba nene la chuma lililofungwa sakafuni. Akaifungua, akalitoa bamba, akaiegesha mashine juu ya magogo, na kwa mashine hiyo hiyo iliyokuwa ikiyumba akalikereza bamba lake mwenyewe. Kipande kiliruka kikamchana kiganja. Akafunga kitambaa akaendelea. Sahani ilipoingia kati ya injini na gia boksi, boliti zote zikapita bila kupigwa nyundo. Ila mashine yake, tangu siku ile, haikukereza tena kitu kikanyooka.

Mngedhani basi yamekwisha. Wapi! Wakawasha, injini ikaguruma, gari likabaki limelala. Gari la kifahari lina mambo yake: lina kompyuta inayoijua injini yake, na ilipoona mgeni ikafunga kila kitu. Gia haziingii. Shokapu zake zinazoliinua ni za upepo, na upepo hauendi. Tumbo limeganda chini.

Ndipo Mahimbo akaingia chini ya dashibodi na taa yake ndogo mdomoni. Akakata waya, akaunga waya, akapima, akakata tena. Bi Mwasiti alikuwa akizunguka gari kama kuku aliyepoteza kifaranga, akipiga vioo.

"Fanya haraka, baba! Nakuomba!"

"Mama, nikifanya haraka nitaiunguza kompyuta, na nyingine hakuna."

Baadaye kidogo pakasikika mlio kama wa mtu anayevuta pumzi, na gari likainuka, nyuma kwanza kisha mbele, kama ng'ombe anavyoinuka. Watu wakapiga vigelegele. Bi Mwasiti alikuwa amekwisha kukaa ndani.

Walikwenda wote wanne, Singano akiendesha. Tope lilifika milangoni na gari likapita. Lakini karibu na Kwetongo barabara ilikuwa imemeguka. Upande wa mlima kulikuwa na maji yanayoporomoka, upande wa bonde hamna kitu, na pale katikati pamebaki pembamba kuliko gari lenyewe. Singano akakanyaga breki.

"Siwezi, shemeji. Nina watoto wadogo."

"Mimi pia," akasema Nakijwa, na hakumtazama mtu.

Bi Mwasiti akaanza kuvua viatu ili aende kwa miguu. Mahimbo akamshika mkono. Naye alikuwa na watoto, hilo msilisahau. Akawaomba wenzake washuke, akahamia kwenye usukani, akalibana gari kwenye ubavu wa mlima mpaka mlango ukakwaruzika, na gurudumu moja la upande wa bonde likawa linazunguka hewani. Polepole. Bi Mwasiti alifumba macho akasoma dua zote alizozijua, nyingine nusu nusu. Alipofumbua walikuwa wamevuka.

Wakamkuta Bi Mwajabu kitandani, Hoza pembeni yake. Wakamlaza kwenye kiti cha nyuma.

"Kiti kinanuka kuku," akasema Bi Mwajabu.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, umekonda."

Wakarudi pale pale, kwa mwendo ule ule, Hoza akimshikilia mama yake asitikisike. Waliwakuta Singano na Nakijwa wamesimama kwenye mvua, wakawapandisha. Hawajafika mbali, mlima ukanguruma nyuma yao kwa muda mrefu. Hoza akageuka akaona paa la nyumba yao linashuka bondeni likiwa zima, halafu halikuonekana tena. Bi Mwasiti hakugeuka. Alimsikia tu mama yake akiulizia sufuria zake, moja moja, kwa majina ya waliompa.

Nyonga ikatibiwa, masika yakapungua, Bi Mwajabu akaanza kuota jua barazani kwa bintiye. Siku moja akasema, "Nimesikia uliapa kwa uhai wangu. Basi uhai nimebaki nao. Timiza, nisije nikaishi kwa kiapo cha uongo."

Bi Mwasiti akawaita wote watatu. Gari likawa katikati ya uwanja, limeoshwa.

"Mimi gari silidai," akasema Singano. "Nadai injini yangu tu. Pikapu yangu imekaa kama jeneza na watoto wanataka kula."

"Injini ikitoka, gari linakufa," akasema Bi Mwasiti.

"Ndiyo maana nasema: nikipata injini yangu, nimepata gari."

Nakijwa akakunjua kiganja chenye kovu. "Kaka Singano, injini yako ilikuwa humo ndani, inatazamana na gia boksi kama watu waliogombana. Nani aliyewapatanisha? Wewe injini yako ipo, unaiona. Mashine yangu ndiyo haipo tena. Nikilipata gari hili nitazunguka nalo kutengeneza vyuma vya watu huko huko waliko."

Kisha wote wakamgeukia Mahimbo.

"Wenzangu wana vipande vyao humo ndani," akasema. "Mimi ukifungua hutaona changu. Lakini gari lenye injini na sahani lilikuwa limelala, na pale barabara ilipokatika lilikuwa limesimama. Bi Mwasiti ndiye shahidi."

Bi Mwasiti akasema wachangie, kila mtu na wiki yake. Bi Mwajabu akakataa: marehemu mumewe na ndugu zake walichangia lori moja, wakafa hawasemeshani. Bi Mwasiti akasema basi aliuze awagawie fedha. Wakakataa wote watatu kwa pamoja. Kila mmoja anataka lile gari, si kitu kingine. Akamtazama mama yake amsaidie. Mama akasema, "Kiapo ni chako."

Basi akainuka na ufunguo. Akamwendea Singano, akamkumbuka akiipa mgongo pikapu yake iliyoinua pua. Kabla hajafungua mkono akakiona kiganja cha Nakijwa. Akamwendea Nakijwa, akakumbuka gurudumu likizunguka hewani, na mtu anayependa watoto wake kama wengine akiwa ameshika usukani. Akamwendea Mahimbo, akasikia watoto wa Singano wakiitana upande wa pili wa ua. Akageuka. Akaanza tena.

Mimi niliondoka nikamwacha anazunguka hivyo, na wale watatu wakimfuata kwa macho. Sasa zamu yenu. Aliyetoa chombo chake cha riziki, aliyevunja chake ili viungane, na aliyetia roho yake rehani ili wavuke: ufunguo ungekuwa wako, ungemwekea nani mkononi? Wewe uliye karibu na mlango, anza wewe. Na anayesema Singano, aniambie atamtazamaje Nakijwa usoni.