Wakili Aliyerudi Kazini

Wapendwa, nina habari ya mama mmoja wakili. Msianze kugeuka kumtafuta kwenye mabenchi ya nyuma, hayupo humu. Nimemtunga mwenyewe jana jioni nikisubiri chakula kiive, kwa hiyo kama anafanana na mtu unayemjua, hilo ni lako na huyo mtu.

Mama huyu alikuwa wakili mzuri, wa wale ambao akisimama mahakamani hata karani anaacha kupekua mafaili ili asikilize. Kisha akajifungua pacha. Pacha hawajaacha ziwa vizuri, akapata wa tatu, na huyo wa tatu akazaliwa na kifua kibovu, mwezi hauishi bila kulazwa. Tangu pacha walipozaliwa alikuwa amesema, ngoja nipumzike kazi mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Akina mama naona mnacheka, mnaujua huo mwaka. Ilipita tisa.

Siku yule mdogo alipoanza darasa la kwanza, kifua kimetulia na shati limemzidi mabega, mama alirudi kutoka shuleni akafungua kabati, akatoa suti yake nyeusi. Ilimbana kiunoni. Akaipeleka kwa fundi aiachie kidogo, akahuisha leseni yake ya uwakili, akaanza kupiga hodi kwenye ofisi za mawakili.

Ofisi ya kwanza walimkaribisha vizuri, wakampa na maji ya kunywa. Wakasoma karatasi zake, wakatazamana.

"Dada, hapa katikati kuna miaka tisa. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nalea watoto."

"Hongera sana. Lakini kazi? Sisi tunauliza kazi."

Ninyi mngejibu nini? Mtu aliyewahi kubishana na majaji mpaka wakavua miwani, siku hiyo alikusanya karatasi zake akaaga. Ofisi ya pili wakamuuliza vilevile. Ya tatu hawakujisumbua hata kuuliza, walimwambia tu kwamba siku hizi mashauri yanafunguliwa kwa mtandao na yeye ameachwa mbali. Akarudi nyumbani akapika, akafua sare, akakagua madaftari ya watoto watatu, na hakuna aliyejua kwamba mama yao ametoka kuaibishwa mbele za watu.

Ofisi ya nne ilikuwa ya mzee mmoja mwenye mvi, wakili wa siku nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimesikia habari zako. Nitakupa miezi mitatu ya majaribio. Nikiona bado unaweza, utabaki. Nikiona umepoa, tutaagana kwa amani."

Alishukuru mpaka mzee mwenyewe akaona haya. Miezi hiyo alijifunza mambo mapya mkono mmoja ukiwa kwenye mwiko na mwingine ukishika simu, anasoma sheria huku anasonga ugali. Na ugali wenyewe, nisiwafiche, mara mbili uliungua.

Zikiwa zimebaki siku chache miezi mitatu iishe, mzee akamkabidhi faili. Mume na mke wameachana, wanagombea nyumba waliyojenga pamoja, na ofisi yao inamtetea mume.

"Kesho mke anatoa ushahidi," mzee akamwambia. "Wewe ndiye utakayemdodosa. Onyesha kwamba mchango wake ulikuwa mdogo. Hajawahi kuajiriwa, hajawahi hata kuwa na genge la nyanya. Mbane hapo hapo, usimwachie apumue."

Mama alielewa. Alielewa kuliko mzee alivyodhani. Alijua pia kwamba sheria inayatambua malezi na kazi za nyumbani kuwa ni mchango. Lakini wakili anaruhusiwa kuuliza, na shahidi akishindwa kujieleza, hilo ni juu ya shahidi. Ndivyo alivyojiambia akipanga maswali yake. Zilikuwa zimebaki siku nne za majaribio.

Asubuhi yake yule mke akapanda kizimbani, amevaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakimu akainua macho.

"Wakili msomi, endelea."

Jamani, mnajua neno hilo "msomi" lina utamu gani kwa mtu aliyeitwa Mama Pacha tu kwa miaka tisa? Jina la Mama Pacha alilipenda, simsingizii. Lakini hili lilimwinua kitini. Akasimama wima, kama zamani.

"Shahidi, katika miaka kumi na minne ya ndoa yako, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nyumbani. Nalea watoto."

Hapa najua mnachotaka. Mnataka niwaambie kwamba alijiona katika jibu hilo, maneno yakamkwama, akaomba radhi akakaa chini. Hata mimi nilitaka hivyo. Lakini hakukaa. Alisema, tena kwa sauti nzuri yenye kutulia:

"Hatujauliza watoto. Tumeuliza kazi."

Yule mwanamke akageuka. Akamtazama hakimu, akatazama mkoba wake.

"Basi," akasema, "sikuwa na kazi."

Hakimu akaandika.

Walipotoka nje, mzee alimpokea kwenye korido akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, umerudi! Yale mambo ya majaribio yaishe leo. Kazi ni yako."

Alichokitafuta mlango kwa mlango akawa amekipata. Bado anashukuru, mara yule mke naye akatoka, anakuja upande wao. Mama akajikaza, akajua sasa atatukanwa. Ungekuwa wewe usingemtukana? Lakini yule mwanamke alikuwa mtu aliyelelewa, hawezi kumpita mwenzake yuko kazini akanyamaza. Akasimama kidogo, akasema taratibu:

"Pole na kazi, wakili."

Akaenda zake.

Haikuwa kejeli. Ingekuwa kejeli ingemuuma kidogo tu. Miaka tisa yule mama wakili alikuwa anawaambia watu maneno hayo, anamwambia mumewe kila jioni, anamwambia fundi bomba, mlinzi wa getini, mwalimu wa watoto, na katika wote hao hakuna aliyewahi kugeuka amwambie yeye akiwa amesimama jikoni kwake. Leo anaambiwa na mwanamke ambaye dakika kumi zilizopita amemlazimisha kuapa kwamba hajawahi kufanya kazi. Aliingia chooni, akafungulia bomba ili wenzake wasisikie, akalia.

Wapendwa, msimhukumu haraka. Mimi namhurumia sana huyu mama. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na hofu. Aliogopa kurudishwa nje, na mtu mwenye hofu akifunguliwa mlango huufunga upesi nyuma yake bila kuangalia nani anakuja. Halafu lile swali hakulitunga yeye. Alilipata kwenye ofisi ya kwanza. Na ofisi ya kwanza walilitoa wapi?

Mwezi uliopita tulijaza fomu za waumini hapa. Nimezisoma zote, moja moja. Kwenye nafasi ya kazi ya mke, nyumba baada ya nyumba, akina baba tumeandika "Hana." Wanawake wanaoamka kabla ya jogoo wa jirani, "Hana." Msiinamishe vichwa, maana fomu ya juu kabisa kwenye lile rundo ni ya nyumba ya mchungaji, na mwandiko ni wangu.

Kila Jumapili tunamwomba Mungu abariki kazi za mikono yetu. Mungu anaiona mikono mingi zaidi ya hiyo tunayomwonyesha sisi, na namshukuru kwa hilo, vinginevyo nusu ya kanisa hili ingekwenda bila baraka.

Basi leo tukifika nyumbani, kabla hatujavua viatu, kila mmoja wetu amfuate aliye jikoni, mke au mama au dada, amwambie, "Pole na kazi." Na akishangaa, akaacha alichoshika akatuuliza, "Kazi gani?", tusicheke ndugu zangu. Swali hilo tumemfundisha sisi.