Zimwi Lililoita Mvua

Sogeeni, niwape niliyopewa. Huko Afrika Magharibi, kwenye nchi ya misitu, zimwi la kike liitalo mvua lilimwendea mkulima Sia.

"Niachie msitu wa mtoni," likasihi.

"Wanangu wale nini?" Sia akaufyeka, akapanda kakao.

Miaka ikapita, likarudi. "Basi niachie mti huu mmoja uliobaki."

Sia akaukata, akapasua mbao.

Mara ya tatu Sia ndiye aliyelitafuta, kakao yote imenyauka. "Bibi, tuitie mvua!"

Zimwi likafumbua kinywa, mkatoka vumbi tupu. "Sauti yangu ilikaa mitini, mwanangu."

Sia akalia, kisha akalisogezea kigoda. Wakaketi pamoja, wakitazama shamba likikauka.

Ngano imekomea hapo, nami sikuambiwa zaidi.